Mizaha ya Akina Mama

Leo nataka kunena juu ya jambo dogo ambalo wengi hulipita bila ya kuliangalia, nalo ni mizaha ya akina mama wanapopanga matembezi yao ya jioni. Najua wako watakaosema, "Hilo nalo ni jambo la kusomewa watu?" Na wengine watatoa methali, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mimi nasema kwamba mzaha ukiwa katika mikono ya mtu mwenye busara waweza kutumbua usaha uliokuwamo tangu zamani, na mgonjwa akapata nafuu.

Twende hata Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, katika barabara iendayo Newala. Nchi ile ni nchi ya mikorosho, na hapo Naliendele kiko kituo cha utafiti wa kilimo kilichojulikana sana kwa habari za korosho. Wakaao sehemu hizo wengi ni Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi ya asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Korosho huvunwa hasa tangu Oktoba hata Desemba, na zikiisha kukauka wanawake huketi uani kuzibangua. Kazi hiyo haitaki pupa, maana ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi. Basi macho na mikono vikiwa kazini, kilichobaki huru ni ulimi.

Natuketi nao kwa fikira tuwasikilize. Majina sitayataja, kwa kuwa mazungumzo haya ni mfano tu. Lakini mfano huu kila mtu wa pwani ameusikia uani kwao.

Wako wanawake kumi. Mmoja asema, "Jamani, tangu msimu uanze tumebangua hata vidole vimesahau kupaka hina. Twendeni Shangani jioni moja, tukae ufukoni, tule, tuimbe, turudi." Wote waitikia kwa vigelegele. Wifi yake amwuliza, "Na bwana umekwisha kumwambia?"

"Nimemwambia nina kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha kukaa."

Wakacheka sana. Lakini tazameni, wasikilizaji, katika kicheko hicho neno limekwisha kupita: kila mmoja amekumbushwa kwamba hana budi kuaga nyumbani mapema, wala hapana aliyeonywa kama mtoto.

Sasa wataka kuchagua siku. Mmoja apenda siku tatu baada ya mwezi mpevu, kwa sababu siku hiyo hana kazi. Bibi mzee aliye kati yao amjibu, "Mwanangu, mwezi hauna mume wa kuombwa ruhusa, watoka kwa saa zake." Naye asema kweli. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati wa kuchwa jua, kisha kila siku hukawia kiasi cha dakika 50. Baada ya siku tatu wangekaa gizani zaidi ya saa mbili wakiungoja. Tena siku za mwezi mpevu ndizo siku za bamvua. Katika pwani ile maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, yakapwa hata kiasi cha saa nne usiku. Kwa hiyo atakayefika ufukoni jua likichwa ataukuta mchanga unazidi kupanuka mbele yake, na watoto watacheza bila ya kukimbizwa na mawimbi. Elimu hiyo yote bibi aliitia katika mzaha mmoja, wakakubali usiku wa mwezi mpevu.

Likaja shauri la gari. Tuseme gari la kukodi, kwenda na kurudi, ni shilingi 20,000; basi kila mmoja atoe 2,000. Mtu mnene mmoja akaambiwa atoe 4,000, naye akajibu, "Nitatoa, lakini atakayeona baridi usiku asije kwangu kujikinga upepo." Hata hapo mambo yalikwenda vizuri.

Ndipo mama mmoja kijana alipotoa wazo la sare. "Sote tununue doti moja ya kanga, rangi moja, jina moja, tutakapoteremka pale watu waulize, Hao ni nani?" Wengi wakalipenda. Wakaanza kubishana juu ya rangi, na juu ya jina la kanga litakalowauma majirani. Lakini alikuwako mmoja aliyenyamaza. Hapo kwanza alikuwa akicheka pamoja nao. Sasa ameinamisha kichwa, anabangua upesi kupita wote. Mmoja, bila ya nia mbaya, akamwambia, "Shoga, mbona umemeza ulimi? Au bwana kakufungia sanduku la fedha?" Wakacheka, yeye hakucheka. Akasema polepole, "Siku hiyo mimi sitakuwako. Mtoto ana homa homa."

Wasikilizaji wangu, mtoto alikuwa mzima, anacheza na wenziwe chini ya mwembe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Yule bibi mzee alijua kwamba mume wa mama huyo alikuwa kitandani muda mrefu, na kwamba fedha ya korosho zake ilikwisha kabla haijafika mkononi. Angaliweza kusema wazi, "Mwacheni, hana kitu." Maneno hayo yangalikuwa ya huruma, lakini yangalimvua nguo mbele ya watu. Wala hakumvuta pembeni kumpa sadaka. Alifanya nini? Alijicheka mwenyewe.

"Mimi kanga mpya siitaki," akasema. "Kanga yangu ile yenye matundu imeniona nikizaa watoto saba. Nikiiacha nyumbani usiku huo itanisengenya kwa majirani. Nasema hivi: kila mmoja avae kanga yake kuukuu kuliko zote, na tukifika ufukoni aeleze imepitia mambo gani. Mwenye kanga mpya atakaa peke yake karibu na maji, maana hana hadithi."

Uani pakapasuka kicheko. Mama yule kijana naye akacheka, akasema, "Basi mimi nitaazima ya mama mkwe." Bibi akaendelea, kama mtu asemaye jambo lisilo na maana, "Na chakula je? Gari haliliwi. Atakayeleta ming'oko ya kuchemsha, na chumvi na pilipili yake, asitoe senti; atakuwa ametulisha sote." Ming'oko, kwa wasioijua, ni mizizi ya mwituni ipendwayo sana katika nchi za Mtwara na Lindi, huchimbwa porini, nayo hainunuliwi na aliye tayari kushika jembe.

Yule aliyenyamaza akainua kichwa. Akasema, "Ming'oko nitaleta mimi. Lakini kanga yangu ikianza kueleza habari zake, gari litatuacha."

"Na homa ya mtoto?" akaulizwa.

"Imeshuka sasa hivi."

Wakacheka tena, naye mara hii akacheka kuliko wote.

Wasikilizaji, sifikiri kwamba mambo ya sare na mashindano ni madogo. Huko Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vilikuwako vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyoshindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu, hata fedha nyingi ikatumika. Sivilaumu, vilikuwa na heshima yake, navyo viliwapa wanawake uongozi wao wenyewe. Lakini shindano la mavazi lina mlango mwembamba, na asiye na kitu hubaki nje.

Tena yuko awezaye kuuliza, "Wanawake kuketi pamoja jioni kuna faida gani?" Namjibu kwa habari iliyo wazi. Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kufariki mwaka wa 2000, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake. Mwaka wa 1955 alipoanza kuwaita wanawake waingie katika chama cha TANU, alivipitia vikundi hivyo vya ngoma, maana ndimo walimokuwamo wanawake waliozoea kukusanyika, kuchanga na kuaminiana. Maelfu waliitika. Umoja ule haukuzaliwa siku ya mkutano. Ulikuwa umelelewa jioni nyingi kabla yake, kwa nyimbo na kwa mizaha.

Basi nawaombeni mambo mawili. Kwanza, mnapopanga starehe yenu, mtazameni aliyenyamaza kabla ya kumtania. Mzaha umwendee mwenye nguvu ya kuujibu. Na ukikosa wa kumtania, jitanie mwenyewe. Pili, anayesema "sitakuwako" msimwache upesi, wala msimhoji mbele ya watu. Punguzeni gharama ya safari hata mlango umtoshe, kisha mwacheni aingie kwa miguu yake.

Na ninyi mabwana, mkeo akikuambia ana kikao cha kukaa, usikunje uso. Mwambie asichelewe gari, kisha ulaze watoto.

Kwaherini.