Tunajifunza Uongozi kwa Nani?

 

Leo tunasema juu ya watu wanaotutia moyo, na namna ya kujifunza uongozi kwao. Ukiwauliza watoto wa mtaa wako, «Ukikua utakuwa nani?», utasikia mmoja akijibu: askari mkubwa mwenye gari la vioo vyeusi. Tusimkasirikie. Mtoto huiga anachokiona. Tangu 1996 mtoto wa Kivu amemwona mwenye bunduki akipanda cheo, na mwalimu wake akirudi nyumbani kwa miguu bila mshahara. Basi ni kazi yetu sisi wakubwa kumwonyesha watu wengine. Nao wapo, tena ni wa hapa kwetu.

Nianze na kijana mmoja ambaye hakuwa na kiti chochote cha ukubwa. Jina lake Floribert Bwana Chui, wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayochungua bidhaa zinazoingia mpakani, ile tunayoiita OCC. Kazi yake ilikuwa kuangalia vyakula vilivyoharibika na kuvizuia visifike sokoni. Ninyi nyote mnajua habari za mpakani. Mnajua matabishi. Watu walimletea pesa ili afumbe macho, chakula kibovu kipite. Alikataa. Walimrudia, naye alikataa tena. Mwezi wa saba 2007 alitekwa, na siku mbili baadaye maiti yake ilikutwa mjini. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri kule Roma.

Sasa, ndugu msikilizaji, usiseme upesi, «Huyo ni mtakatifu, mimi ni mtu wa kawaida.» Uliza kwanza: ushupavu ule aliupata wapi? Floribert alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio. Pamoja na wenzake aliwatembelea mayibobo, watoto wa barabarani wa Goma, akawapatia chakula, akawasaidia kusoma. Mimi naona jibu liko hapo. Chakula kibovu huuzwa kwa bei ndogo, na anayekinunua kwa bei ndogo ni maskini. Yule aliyeletewa pesa ofisini alijua sura za watoto watakaokula kile chakula. Mkubwa asiyejua sura ya mtu yeyote maskini, ni rahisi kwake kutia sahihi kwenye karatasi. Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe awe kiongozi mwema, asimtume shuleni tu. Amtume pia kwa jirani mgonjwa, achote maji, apike uji. Hapo ndipo masomo yanapoanza.

Wa pili ni mzee wetu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu. Wengi wenu mlimwona. Mwaka 1971, Mobutu alipowatia wanafunzi wa chuo kikuu jeshini kwa nguvu, yeye akiwa padri aliomba aandikwe jeshini pamoja nao. Mwaka 1996 vita ilipofika Bukavu na wakubwa wengi wakakimbia, alibaki na watu. Tarehe 29 mwezi wa kumi aliuawa barabarani, pale Nyawera. Sitasema mengi juu yake. Miaka ile miwili, 1971 na 1996, inatosha kuonyesha kwamba mzee hakubadilika: watu wake walipokuwa katika taabu, alikwenda kusimama walipo.

Aliyefuata kiti chake mwaka 1997 ni Emmanuel Kataliko, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu habari yake inagusa kidonda chetu. Kataliko alikuwa Mnande, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966. Aliletwa Bukavu, kwa Washi. Mnajua maneno yanayosemwa siku kama ile: «Huyu si wa kwetu.» Noeli ya 1999 aliandika barua ya kukemea vita na unyang'anyi wa mali ya nchi. Mwezi wa pili 2000, wakubwa wa RCD waliokuwa wakitawala Bukavu walimzuia asirudi mjini, akapelekwa Butembo, kwa watu wa kabila lake. Labda walidhani Bukavu itamsahau mgeni. Wapi! Bukavu ilimdai askofu wake. Miezi ilipita, watu hawakuacha kumdai, na mwezi wa tisa mwaka uleule alirudi. Akafa Roma tarehe 4 mwezi wa kumi, hata mwezi mmoja haujatimia tangu arudi.

Wazee wa kabila zote mnaonisikia, pimeni jambo hilo. Mji ulimlilia mtu wa kabila lingine kwa sababu alisema kweli kwa ajili yao. Leo nikisikia vijana wakigawana mashujaa, huyu wa Washi, yule wa Wanande, mwingine wa Wahunde, naona tunawazika mara ya pili. Mtu aliyekataa mipaka ya kabila akiwa hai, kwa nini tumfungie ndani yake akiisha kufa?

Tena kuna wanaosahauliwa. Daktari Denis Mukwege wa Panzi alishambuliwa nyumbani kwake mwezi wa kumi 2012, mlinzi wake akauawa, naye akahamia Ulaya na jamaa yake. Wanawake wa Idjwi wakauza matunda na mboga ili kuchanga pesa za tiketi yake ya kurudi. Mwezi wa kwanza 2013 akarudi. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na dunia yote inajua jina lake. Majina ya akina mama wale nani anayajua? Lakini mwenye shamba la mananasi aliyetoa fedha yake kidogo, alimwambia daktari: kazi yako ni yetu. Pasipo watu wa namna hiyo kiongozi huchoka, au hukaa mbali.

Basi katika vikundi vyenu vya kusikiliza redio, juma hili kila mmoja ataje mtu mmoja aliye hai, wa kijiji chake au wa kijiji jirani, asiye wa kabila lake, ambaye amejifunza jambo kwake. Aseme ni jambo gani, na lilimgharimu nini mtu huyo. Andikeni majibu, mtuletee. Juma lijalo tutayasoma hapa. Kwaherini.