Kukitunza Tulichokwisha Kupewa

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Masomo: Kutoka 16:13–21 na Hesabu 11:4–9)

Aliye na Biblia karibu na aifungue Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, maana huko ndiko tutakakokwenda baada ya kitambo kidogo.

Leo twataka kunena juu ya jambo lisilotajwa sana mimbarani, yaani uzito wa mwili. Limeletwa kwetu na dada mmoja anayefanya kazi Bangale, katika kaunti ya Tana River, kwenye barabara itokayo Mwingi kwenda Garissa. Ametupa ruhusa kulitaja swali lake, ila jina lake tumeliacha.

Miaka sita iliyopita dada huyu alikuwa na kilo 128. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, magoti yalimuuma, na usiku alikabwa pumzi akiwa usingizini. Ndugu zake wakachanga fedha, akafanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula katika hospitali moja ya Nairobi. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alipungua kilo 41. Sukari ikashuka, akaweza kutembea kwenda sokoni na kurudi pasipo kuketi njiani. Kisha kidogo kidogo kilo 9 zikarudi. Mtu mmoja wa jamaa yake akamwambia, “Kumbe fedha zetu zimekwenda bure.”

Basi dada huyu anauliza mambo mawili. La kwanza: Je, nimeipoteza neema niliyopewa? La pili: Je, yafaa hata kuwaza juu ya unene wangu, nami nakaa mahali ambapo watoto hupimwa mkono kwa utepe ili ijulikane kama wana utapiamlo?

Wapendwa, maswali haya si madogo. Tuyajibu kwa utaratibu.

Kwanza tuifahamu operesheni yenyewe. Haikuanza jana. Mwaka 1966 Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliifanya kwa namna ambayo dada yetu alifanyiwa. Mfuko wa chakula hukatwa, kikabaki kifuko kidogo mfano wa yai, kisha utumbo mwembamba huunganishwa na kifuko hicho, hata chakula kikapita njia fupi. Iko na namna nyingine, ambayo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, huondolewa kabisa, ukabaki mfano wa mrija. Kwa njia hizi mtu hushiba upesi, na homoni zinazoleta njaa na shibe hubadilika. Ndiyo sababu wengi wenye ugonjwa wa sukari hupata nafuu hata kabla uzito haujapungua sana.

Lakini daktari hawezi kumpa mtu mwili usiokumbuka. Mwili una desturi ya kuulinda uzito uliozoea. Mtu akipungua, mwili hudhani njaa imeingia nchini. Hutumia chakula kwa ubahili, nayo njaa huongezwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili kifuko huanza kupokea zaidi kuliko mwanzo. Vitu vitamu na vya majimaji, kama soda na chai yenye sukari nyingi, hupita bila kuleta shibe. Basi uzito hurudi kiasi, hata kwa mtu mwangalifu.

Huko Uswidi madaktari walianza mwaka 1987 kuwafuata watu wapatao 4,000 wenye unene mkubwa, nusu yao wamefanyiwa operesheni na nusu hawakufanyiwa. Mwaka 2007 walitangaza waliyoyaona. Waliofanyiwa operesheni ya namna ya dada yetu walipungua kwa wastani sehemu 32 katika kila 100 za uzito wao, katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa sehemu 25. Wale ambao hawakufanyiwa walikuwa karibu pale pale walipoanzia. Tena waliofanyiwa walikufa wachache kuliko wenzao.

Sasa tushike kalamu tufanye hesabu. Dada yetu alikuwa na kilo 128. Akapungua 41, ambazo ni kama sehemu 32 katika 100. Zikarudi 9, akabaki na kilo 96. Yaani bado amepungua kilo 32, na kilo 32 katika 128 ni sehemu 25 kamili. Ndugu, hayo anayoyaita kushindwa ndiyo yaleyale waliyoyahifadhi wale wa Uswidi! Aliyemwambia kwamba fedha imekwenda bure alizihesabu kilo 9 zilizorudi, akaziacha 32 zisizorudi.

Wakaaji wa nchi kavu kama Bangale watalielewa jambo hili upesi kuliko sisi wa mijini. Tingatinga huja likachimba silanga, na watu hushangilia. Mvua ya kwanza hulijaza maji. Lakini maji yale yale yaletayo uhai huja na udongo wake. Kila msimu tope huongezeka chini, na ng’ombe na ngamia huubomoa ukingo wanapoingia kunywa. Pasipo ua, pasipo kamati, pasipo watu wa kushuka na majembe wakati wa kiangazi, baada ya miaka kadhaa silanga huwa bonde dogo tu. Hata hivyo hakuna mzee asimamaye barazani na kusema kwamba tingatinga lilifanya kazi bure. Husema, “Tope limeingia. Njoni tufukue.”

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwili uliopasuliwa. Operesheni ni kazi ya siku moja, na kufukua ni kazi ya maisha yote.

Sasa twende kwenye somo letu. Wana wa Israeli walitolewa Misri kwa mkono wa nguvu, nao hawakuuvuka Bahari ya Shamu mara mbili. Lakini baada ya bahari ilikuja jangwa, na jangwani Mungu aliwalisha mana. Angalieni jinsi alivyowapa. Hakuwapa ghala. Aliwapa kipimo cha siku, pishi moja kwa kila mtu. Aliyeokota nyingi hakuzidiwa na kitu, wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojaribu kuiweka mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka.

Kisha soma Hesabu sura ya 11. Manung’uniko yale juu ya chakula yalikuja lini? Sura ya 10 yatuambia kwamba waliondoka Sinai katika mwaka wa pili tangu kutoka Misri. Wakati huo ngoma za Miriamu zilikuwa zimenyamaza zamani. Hapo ndipo walipowakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Ule utumwa hawakuukumbuka.

Wapendwa, mwaka wa kwanza wa wokovu wowote huwa na shangwe. Aliyeacha pombe hupongezwa, na aliyepungua uzito husifiwa kila Jumapili. Mwaka wa pili watu wamekwisha kuzoea, sifa zimekwisha, nguo mpya zimekuwa za kawaida, na Misri huanza kunukia. Huo ndio wakati wa kulishika pishi la kila siku. Tena Mungu hakuwarudisha Misri kwa sababu walinung’unika. Asubuhi iliyofuata mana ilianguka.

Kwa hiyo twamwambia dada yetu, na kila aliye katika hali yake: usiihesabu miaka sita kwa mara moja. Hesabu leo. Na pishi la leo ni nini? Madaktari wa kazi hii hufundisha mambo machache. Kula kwanza chakula cha kujenga mwili: nyama ya mbuzi iliyoiva sana, mayai, maziwa ya mgando yasiyo na sukari, maharagwe, ndengu. Kula polepole, ukatafune, na shibe ikija uache hata kama sahani haijaisha. Maji yanywe mbali na chakula, kwa kadiri ya nusu saa, na katika joto la Bangale usiyasahau. Tembea kabla jua halijawa kali. Vidonge vya vitamini na madini havina mwisho, hasa vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, kwa kuwa utumbo uliofupishwa hauwezi kuvipata vya kutosha peke yake. Aachaye vidonge kwa sababu anajisikia mzima aweza kupungukiwa damu au kupata ganzi miguuni baada ya miaka. Pombe nayo huingia damuni upesi sana baada ya operesheni hii, na wengine wamenaswa nayo ambao hapo kwanza hawakuwa walevi.

Tena upime damu kila mwaka, hata kama ni lazima kusafiri mpaka Garissa au Nairobi. Na uzito ukizidi kurudi, usijifiche usimwone daktari kwa aibu. Yako maradhi yenye kuongeza uzito, ziko dawa, na pengine operesheni yenyewe yahitaji kutazamwa tena. Mchungaji hatoi dawa. Yeye husema tu, nenda kwa mwenye kujua.

Sasa swali la pili. Ni kweli kwamba nchi ile imeonja njaa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye utepe waonyesha mkono wake haufiki sentimeta 11.5 yu katika hatari ya kufa. Mtu aliye karibu na jambo hilo, akaufikiri unene wake, aweza kuona haya.

Lakini tutafakari. Haya ya dada yetu haimshibishi mtoto hata mmoja. Akiacha vidonge vyake, akarudiwa na ugonjwa wa sukari, hakuna kikombe cha uji kitakachoongezeka Bangale, bali atapungua mfanyakazi mmoja. Unene wa namna hii si ulafi tu, kama wengi wanavyodhani. Urithi wa mwili umo, dawa nyingine zimo, kazi za kuketi zimo, na chakula cha bei rahisi chenye mafuta na sukari kimo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 33 walikuwa na uzito uliozidi. Njaa na unene vinakaa katika nchi moja, pengine katika nyumba moja. Yule aliyeamuru kwamba mwenye kidogo asipungukiwe ndiye aliyeamuru kwamba mwenye nyingi asizidiwe. Ajifunzaye kipimo chake mbele ya wenye njaa hawadharau, maadamu macho yake hayawaepuki na mkono wake haufumbi.

Na sisi wengine tunalo letu. Silanga halifukuliwi na mtu mmoja. Dada yetu atuambia kwamba wenyeji wake, Waorma, Wawardei na Wasomali, ni watu wa ukarimu mkubwa. Mgeni hukaribishwa chai ya maziwa yenye sukari, wali na nyama, na kukataa kwaonekana kama dharau. Lakini alipomweleza mama mmoja jirani, Mwislamu, kwamba tumbo lake lilipasuliwa, mama yule akaanza kumwekea kikombe kidogo kisicho na sukari, wala hakumwuliza tena. Je, katika makanisa yetu tunamfanyia hivyo? Au kwenye karamu za harusi na harambee twamsukumia sahani ya pili na soda, tukisema, “Kula, mama, usitutie aibu”?

Tuzitazame ndimi zetu pia. Mtu akipungua, twanong’ona kwamba ana Ukimwi. Akiongezeka, twacheka. Akinenepa zaidi, twasema amenawiri. Mwenye kubeba mwili wake kwa jitihada kila siku atapata wapi nguvu, ikiwa kila mlango wa kanisa una mtu wa kumpima kwa macho? Afadhali tumwulize, “Dada, tukuandalie nini?” Afadhali tutembee pamoja naye alfajiri.

Basi dada yetu wa Bangale, neema haijapotea. Bahari umekwisha kuivuka. Kilo zile 32 zingali ng’ambo ya pili. Tope kidogo limeingia, nalo lafukulika. Kesho asubuhi lichukue pishi lako la siku, na kesho kutwa tena.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyewalisha watu wako jangwani kwa kipimo, utupe leo kipimo chetu. Uwakumbuke watoto wenye njaa wa Tana River, na mvua zao. Uwatie nguvu wanaoutunza mwili ulioponywa, wasikate tamaa katika mwaka wa pili wala wa kumi. Utufanye sisi kuwa majirani wa kufukua pamoja nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.