Neno "Better" na Hila Zake



Kila mtoto aanzaye Kiingereza hukaririshwa "good, better, best", naye hudhani kwamba neno lile la katikati amekwisha kulijua: ni kuzidi kwa wema, basi. Lakini mfasiri aliyezoea barua za watu ajua ya kuwa neno hilo dogo lina hila nyingi, na nyingine zaweza kumdhuru mtu.

Chukueni habari za ugonjwa. Mwingereza akisema kwamba mgonjwa ni "better", huenda ana maana kwamba amepona kabisa; au huenda ana maana kwamba leo hajambo kidogo kuliko jana, na bado yu mgonjwa. Sisi hatuchanganyi mambo hayo: yuko aliyepona, na yuko aliyepata nafuu. Sasa mfikirieni mtu mwenye kifua kikuu. Dawa zake kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6, lakini baada ya majuma machache homa hupungua, kikohozi hutulia, na hamu ya chakula hurudi. Hapo ndipo daktari amwambiapo kwamba yu "better". Mkalimani akisema, "Umepona," mtu yule ataziacha dawa. Ugonjwa waweza kumrudia, na vijidudu vilivyosalia huenda vikazoea dawa zile zile zisiweze tena kuviua. Kisha akawaambukiza watu wa nyumbani mwake. Imempasa mkalimani kusema, "Umepata nafuu, endelea na dawa." Ajabu ni kwamba katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na undugu na neno la tiba.

Tena kuna "had better". Wakili amwandikia mtu kwamba "had better" kulipa deni kabla ya mwisho wa mwezi. Mfasiri mwanagenzi huandika, "Afadhali ulipe." Msomaji hulichukua kama shauri la rafiki, kwa maana afadhali kwetu ni kuchagua kati ya mawili, kama vile afadhali chai kuliko kahawa. Kumbe wakili amekunja uso! Hilo ni onyo, na yafaa liandikwe kama onyo: "Yakupasa kulipa, usije ukashtakiwa." Mtu asiyeonywa waziwazi aweza kupoteza ng'ombe au shamba kwa ajili ya neno moja.

"The better part of the day" si saa nzuri za siku, bali sehemu kubwa ya siku, hata ikiwa ni siku ya taabu tupu.

Lakini linalonichekesha zaidi ni "betters". Katika vitabu vya zamani vya Uingereza, mtumishi hukatazwa kujibizana na "his betters", yaani watu wenye cheo au nasaba kuliko yeye. Wako wafasiri walioandika "watu walio bora kuliko yeye". Mimi siwezi. Kiswahili kina ukubwa na kina ubora, na kila kimoja kina neno lake. Huandika "wakubwa wake", na mpaka leo hakuna aliyenirudishia karatasi.