Hesabu ya Mabinti na Upande wa Baba



Mwaka 2003 watafiti wa Hispania walichapisha katika jarida la JAMA jambo lililoshangaza wengi: katika familia zenye hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA1, watoto wa kike walizidi wa kiume. Ni jeni ile ambayo Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa iko kwenye kromosomu ya 17. Ikiharibika, seli hushindwa kutengeneza vizuri DNA iliyokatika, na kati ya wanawake 100 waliorithi hitilafu hiyo, takriban 70 hupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80.

Je, hitilafu hiyo huleta mabinti? Nasema hapana. Tazameni daftari la hospitali.

Chukueni nyumba mbili za Muyinga, hapa kwetu Burundi, kila moja ina baba mwenye hitilafu hiyo na watoto wanne: huku mabinti watupu, kule wavulana watupu. Kila mtoto huweza kuirithi au kuikosa, nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa wastani wawili kila nyumba wanayo. Miaka ikipita mabinti wawili wanaugua, mmoja baada ya mwingine. Daktari anashtuka, anauliza habari za ukoo, anaandika. Wale wavulana wawili ni wazima, maana saratani ya matiti ni nadra kwa mwanamume mwenye hitilafu ya BRCA1. Nani atawaandika? Mtafiti akija anakuta nyumba ya mabinti peke yake. Wakosoaji wa utafiti ule walilisema hilo mapema.

Nalikazia kwa sababu kwetu mke aliyezaa mabinti watupu bado husemwa, na desturi humpa ardhi mtoto wa kiume. Tusimwongezee mzigo wa damu mbaya. Mbegu ya baba, kwa X au Y yake, ndiyo huamua jinsia.

Tena tusidhani haya ni ya Ulaya tu. Nchini Nigeria, utafiti wa 2018 ulipima wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti, na asilimia 14.7 walikuwa na hitilafu za kurithi, nyingi zikiwa za BRCA1 na BRCA2.

Na kwa kuwa baba naye huirithisha hitilafu hii, kinachoniuma zaidi ni swali letu la kliniki: "Mama aliugua? Bibi mzaa mama je?" Basi, tunaishia hapo. Shangazi aliyeolewa Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, akafa kwa uvimbe wa titi na kuzikwa huko kwa mumewe, hatajwi. Binti wa kaka yake anafika hospitali ya Gitega na donge titini akiwa na miaka 32, na kadi inasema hakuna saratani katika familia. Baba yake amekaa naye benchi moja. Wauguzi wangu, muulizeni baba habari za dada zake, na za shangazi zake yeye, kisha andikeni kwenye kadi hiyo hiyo.