Mawazo Yanayowaponza Vijana Wetu

(Hotuba ya walimu wa dini wa upande wa Tinde, iliyosomwa siku ya vijana katika sherehe za Jubilei)



Tumepewa kazi ya kunena maneno machache juu ya vijana. Katika Jubilei watu huhesabu makanisa yaliyojengwa, shule, zahanati, na wabatizwa walioandikwa vitabuni. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika kitabu cha parokia, nayo ni ya vijana wanaokaa kati yetu wakiwa wamekwisha kujihukumu mioyoni mwao ya kuwa hawafai kitu. Habari ya hao ndiyo tutakayoinena leo.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili. Twasema "mawazo" kwa maana ya yale yampitiayo mtu akilini; tena twasema "fulani ana mawazo" kwa maana ya kuwa ana huzuni na wasiwasi. Basi waliotuachia lugha hii walijua ya kuwa fikira na huzuni hulala nyumba moja. Mtu akifikiri vibaya, moyo wake huugua. Na moyo ukiisha kuugua, fikira huzidi kupotoka.

Tuanze na jambo ambalo kila mzee hapa alijua. Katika nchi yetu ya Usukuma, kwa miaka mingi, akina mama vikongwe wengi waliuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulitoka katika moshi wa kuni na wa mavi makavu ya ng'ombe, maana wamama wale walipika maisha yao yote katika nyumba zisizopitisha hewa. Lakini mtoto alipokufa mtaani, au ng'ombe walipopukutika, watu walikwenda kwa mpiga ramli, kuku akapasuliwa, na macho mekundu yakawa ushahidi. Alama ilikuwa moja tu, shahidi hapana, mtetezi hapana, na hukumu ikatoka usiku ule ule. Kadhalika katika miaka ya 2007 hadi 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa katika nchi za Ziwa, kwa kuwa watu waliambiwa ya kuwa viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana mmoja wa namna hiyo.

Twayakumbusha haya si kwa kuiaibisha nchi iliyotuzaa. Twayakumbusha kwa sababu kosa lile lile la kuhukumu bila shahidi limepata makao mengine, nayo ni ndani ya kifua cha kijana. Huko yeye mwenyewe ndiye mshtaki, yeye ndiye mpiga ramli, na yeye ndiye mshtakiwa. Aona alama moja ndogo, naye ajitolea hukumu ya maisha yake yote.

Daktari mmoja wa Marekani, jina lake Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021, aliwatibu watu wenye huzuni nzito. Katika miaka ya 1960 aliandika ya kuwa makosa yale yale ya kufikiri yalirudi tena na tena kwa mgonjwa huyu na kwa yule. Nasi tulipoyasoma makosa hayo tuliyatambua mara moja, maana twayasikia kila juma katika vigango vyetu. Tutayataja matano.

La kwanza ni kuipigia ramli kesho. Kijana ameshindwa mtihani wa Kidato cha Nne, naye asema, "Maisha yangu yamekwisha." Mtihani ni wa siku chache, nayo maisha ni ya miaka mingi, nani alimwonyesha miaka hiyo? Kanisani twamkataza asiende kwa mpiga ramli, naye kumbe amemfuga mmoja ndani ya kichwa chake.

La pili ni kuisoma mioyo ya watu. Binti ametuma ujumbe kwa simu, rafiki yake asijibu mpaka jioni, binti asema, "Amenidharau." Huenda simu ya mwenzake ilizimika, au alikuwa shambani akipalilia mpunga. Ajuaye yaliyo moyoni mwa mtu ni Mungu peke yake.

La tatu ni kupima kila neno kwa "daima" na "kamwe". Kijana amegombana na baba yake mara moja, naye asema, "Nyumbani hawanipendi kamwe." Kama si mweupe kabisa, basi kwake ni mweusi kabisa.

La nne ni kuyafanya maono ya moyo kuwa shahidi. "Naona aibu, basi nina hatia. Naogopa, basi hatari ipo. Najiona sifai, basi sifai." Hayo ndiyo macho mekundu hasa! Maana aibu ile yaweza kutoka katika njaa, au kukosa usingizi, au maneno ya ukali ya mkubwa mmoja, kama vile wekundu ule ulivyotoka katika moshi.

La tano ni kuhesabu upande mmoja. Tinde yetu ni njia panda, nao vijana hupita hapa kila siku kwenda Kahama na Geita kutafuta dhahabu. Katika mwaka 2020 mchimbaji wa Mererani, Saniniu Laizer, aliuza mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na nchi nzima ikasikia. Walioshuka mashimoni mwaka ule ule na kupanda na vumbi tu, habari zao hazikutangazwa. Basi kijana amhesabu yule mmoja, asiwahesabu wengi; na akirudi mikono mitupu hasemi, "Duara halikutoa," bali asema, "Mimi nina mkosi." Kisha huigeuza hesabu: mema yote aliyopata hayaoni tena, aona hasara peke yake.

Ndugu wapendwa, msidhani ya kuwa haya ni maneno ya shule tu. Mtu ajionaye hafai hujitenga na wenzake, akijitenga, hapati wa kumwambia neno jema, asipolipata, husema, "Naam, nilijua ya kuwa hawanitaki." Usingizi humtoka, chakula humshinda, na kazi ndogo huwa mlima. Ndivyo duara linavyochimbwa kwenda chini. Kwa hesabu ya Shirika la Afya la Dunia, watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Na kati ya vijana wenye miaka 15 hadi 29, katika mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vyao.

Sasa hatuna budi kuungama neno letu wenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alirudi kutoka machimboni. Hapo kwanza alikuwa mwimbaji, lakini aliporudi aliketi nje ya kanisa, haingii. Tulimwuliza, akasema, "Mwalimu, Mungu amenifuta." Nasi tulimjibu upesi, "Imani yako haba, sali, utaona." Tukaondoka tukidhani tumefanya kazi ya Bwana. Kumbe nasi tulifanya kosa lile lile: tuliona alama moja, tukatoa hukumu, na yeye akaongeza hukumu yetu juu ya ile yake. Hakurudi kuketi pale tena. Baada ya majuma mawili mama mmoja mwuza vitumbua alimkuta porini peke yake, akamtambua usoni ya kuwa amekusudia kuutoa uhai wake. Mama yule hakumhubiria. Alimketisha, akampa chakula, akamwuliza, "Mwanangu, tangu lini hujalala?" Akakaa naye mpaka jioni, kisha akamfikisha kwa ndugu zake, nao wakampeleka hospitali. Kijana yu hai, naye ametupa ruhusa kuyasema haya bila kumtaja jina. Sisi tuliosoma tulishindwa na mama asiyejua kusoma, nalo si jambo la kulificha siku ya Jubilei.

Laiti tungalikumbuka Maandiko tunayoyafundisha! Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Tazameni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea kwa imani haba. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Hata baadaye, Eliya alipolalamika ya kuwa amebaki peke yake, Mungu alimrekebisha hesabu: katika Israeli walikuwako watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Eliya alihesabu mmoja. Mungu alihesabu elfu saba. Nabii hakuwa mwovu wala mwongo, bali alikuwa amechoka, na macho ya aliyechoka hayahesabu sawasawa.

Basi tufanyeje? Sisi walimu wa dini kazi yetu tangu zamani ni maswali na majibu. Tuwafundishe vijana kuliuliza wazo lao kama wazee wanavyomhoji shahidi barazani. Wazo likija na kusema, "Hufai," aliulize maneno manne. Umeona nini kwa macho yako, na ni nini ulichokisikia tu? Je, iko sababu nyingine iwezayo kuwa kweli? Ni nani au ni nini usichokihesabu? Na kama rafiki yangu ndiye angeshtakiwa hivi, ningemwambia nini? Wazo la kweli halitaogopa maswali hayo. La uongo litaanza kugugumia.

Kuuliza hivyo si ugeni hapa kwetu. Tinde hii ilijulikana mbali kwa sababu ya maabara ya ugonjwa wa malale. Tangu miaka ya 1930 waganga wa maabara ile walitaka kujua kama vijidudu vya malale, vikikaa siku nyingi ndani ya wanyama, hupoteza nguvu za kumdhuru mwanadamu. Wangaliweza kukisia. Hawakukisia, walivipitisha kwa mbung'o katika kondoo na swala mwaka hata mwaka, kwa zaidi ya miaka 15, wakaona ya kuwa nguvu hazikupotea. Kama swali la kijidudu lilistahili kungojewa miaka hiyo yote, je, swali la thamani ya mtoto wa Mungu lijibiwe usiku mmoja wa kilio?

Lakini twataka tusikike vema, ninyi wazazi. Si kila huzuni ni kosa la kufikiri. Mtoto apigwaye kila siku, au binti anayelazimishwa kuolewa, hana haja ya kufundishwa kuliuliza wazo lake. Haja yake ni kuokolewa. Tena huzuni nzito ni ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa, nao una waganga wake na dawa zake. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma imekuwako tangu mwaka 1927, na leo msaada huanzia katika hospitali zilizo karibu. Kwa hiyo kijana akisema ametamani kufa, msimcheke, msimfunge kamba, wala msimpeleke kwa mpiga ramli. Mwulizeni wazi, maana kumwuliza hakumtii wazo asilokuwa nalo. Msimwache peke yake. Mwondoleeni vitu vya hatari. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Na waliokwisha kufiwa kwa namna hiyo wasitengwe. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yafundisha ya kuwa maradhi ya akili na hofu kuu hupunguza hatia ya mtu, na ya kuwa tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Nanyi vijana, tuwaambie neno la mwisho. Mwezi wa Oktoba 2015 shimo la Nyangalata, huku Kahama, liliwafukia wachimbaji. Siku zilipita, majuma yakapita, na walio juu wakaona ya kuwa yamekwisha. Lakini siku ya 41 watu watano walitolewa humo wakiwa hai. Walio juu walikuwa na sababu nyingi za kukata tamaa, na hata hivyo hesabu yao haikuwa kamili. Basi wewe uliye gizani leo, hukumu unayoitoa juu yako ni hukumu ya mtu asiyeona shimo lote. Usiitimize. Paza sauti, gonga ukuta, mwite mtu.

Katika Agano la Kale mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa kuwafungua watumwa. Kati yetu wako vijana waliofungwa kwa hukumu ambazo hapana hakimu aliyezitoa. Tuwafungue: kwa mkate kwanza, na usingizi, na sikio lenye subira, kisha kwa hesabu iliyo sahihi. Hatutaki tena kumjibu upesi mtu aketiye nje ya kanisa.

Tumsifu Yesu Kristu.