Mechi Moja Tu ya Mwisho

Leo nazungumza nawe kijana unayecheza PUBG Mobile hadi usiku wa manane, na nawe mzazi unayeona mwangaza wa simu chini ya blanketi.

Katika mechi za daraja, ukifanya vizuri unapata pointi; ukitolewa mapema unapunguziwa. Unaanzia Bronze, unapanda Silver, Gold, hadi Conqueror. Tusimcheke kijana. Pengine ni hapa tu anapoona juhudi yake ikihesabiwa.

Lakini ukipanda, wapinzani nao wanakuwa wakali zaidi, na msimu ukiisha unateremshwa ngazi. Basi hakuna usiku wa kumaliza. Ukipoteza pointi saa sita unasema, "Moja tu, nizirudishe," na kwa uchovu unapoteza tena.

Amua idadi ya mechi kabla ya kuanza, tatu kwa mfano, kisha simu ilale chumba kingine. Mzazi, usimpokonye katikati ya mechi. Wenzake wa kikosi wanaachwa pungufu, na utazua ugomvi wa bure. Mwambie mapema.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya masomo na shughuli nyingine, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Ukiziona, nendeni pamoja kituo cha afya kilicho karibu.