Kelele za Nyumbani na Afya Zetu



Sikio huzoea kelele, mwili hauzoei. Spika inapovuma usiku, hata aliyelala moyo wake huweza kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda. Hali hiyo ikidumu miaka, huchangia maradhi ya moyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sauti chumbani mwa kulala isizidi desibeli 30, kiasi cha mnong'ono.

Vyumba vingi vya kupanga viko chini ya bati moja, bila dari. Sauti hupita juu ya ukuta. Basi spika tuitenge na ukuta, tuiweke juu ya kipande cha godoro, tupunguze besi, na ifikapo saa nne usiku tuzime. Jirani akikaidi, tumwone mwenyekiti wa kitongoji. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zipo kutulinda.